Kabla ya kukata govi la mtoto

Kila Desemba, shule zinapofungwa, wazazi humiminika kliniki na wana wao, na swali la kwanza huwa ni lile lile: "Daktari, mnatumia njia ya kushona au ya pete?" Mimi humlaza mtoto kwanza nikamtazama, kwa kuwa njia hutokana na umri na umbile lake.

Ninachokitafuta ni tundu la mkojo. Wapo watoto ambao tundu hilo limefungukia chini ya uume badala ya nchani, na hao hawatahiriwi mapema, kwa sababu govi ambalo jamaa wanataka liondolewe ndilo ngozi ambayo mpasuaji anaweza kuihitaji kutengenezea njia mpya ya mkojo. Wengi wao huwa na govi lililofunika upande wa juu tu, kama kofia iliyovaliwa kisogoni, lakini ipo aina adimu yenye govi kamili, ambayo haijitokezi mpaka govi livutwe nyuma mtoto akiwa tayari amelala kwa dawa ya usingizi. Hapo huweka mkasi chini na kutoka kwenda kuzungumza na baba. Huuliza pia habari za wajomba, kama walitokwa damu kupita kiasi walipotahiriwa, kwa sababu ugonjwa wa damu kutoganda hupitia kwa mama.

Kwa mtoto mchanga, pete ya plastiki ni njia nzuri: huingizwa kati ya govi na kichwa cha uume, uzi ukafungwa juu yake, ngozi ikakatwa, na pete huanguka yenyewe baada ya wiki moja hivi. Ubaya wake ni kipimo. Niliwahi kuletewa na bibi mmoja mjukuu wake aliyewekewa kwingine pete kubwa mno, ikateleza hadi nyuma ya kichwa cha uume, na mbele yake ngozi imevimba kama kitumbua. Tuliikata kwa koleo dogo huku bibi akimshika mikono.

Kwa wakubwa kidogo, njia ninayoikataa ni ile ya kulivuta govi mbele, kulibana kwa koleo na kupitisha kisu juu ya koleo. Ilienea Afrika baada ya mwaka 2007, Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza tohara ya kujikinga na VVU kufuatia majaribio ya Orange Farm (Afrika Kusini), Kisumu (Kenya) na Rakai (Uganda), na kwa mtu mzima ni rahisi kufundisha. Kwa mtoto, govi mara nyingi bado limegandamana na kichwa cha uume, nacho kinaweza kuvutwa kikaingia kwenye koleo pasipo mkataji kukiona. Ndiyo maana programu za tohara hiyo ya kinga zilielekezwa kutumia mpasuo wa mgongoni, yaani kulipasua kwanza govi upande wa juu wa uume, kwa walio chini ya miaka 15.

Mimi hupenda mikato miwili ya mviringo. Baada ya kubandua govi taratibu mpaka ukingo wa kichwa uonekane wote, hukata mduara mmoja nje na mwingine ndani, nikiacha ngozi laini ya nusu sentimita hivi, kisha huondoa ngozi ya katikati kama mkono wa shati. Kila mshipa unaovuja hukamatwa peke yake, na kwa uangalifu zaidi ule wa chini, kwa kuwa njia ya mkojo iko karibu mno. Umeme wa kuzuia damu hutumia ule unaopita kati ya ncha mbili za kibanio tu, na ganzi haichanganywi na adrenalini, dawa inayobana mishipa ya damu. Nyuzi ni nyembamba, zinazoyeyuka.

Siku ya tatu simu huanza kulia: kuna utando wa manjano, ni usaha? Mara nyingi ni kidonda kinachopona. Huuliza kama kuna homa, kama wekundu unapanda kinenani, kama mtoto anakojoa vizuri. Mama akisita kujibu, humwambia amlete nimwone.