Siku Kontua Ilipovuka Mpaka

Mtu anayeutazama Mlima Meru kutoka mjini Arusha huona migomba na kahawa, na si rahisi kwake kuamini kwamba upande wa pili wa mlima huohuo kuna wakulima wanaohesabu kila wingu. Miteremko ya kusini hupokea mvua iletwayo na pepo za Bahari ya Hindi, lakini upande wetu wa Oldonyosambu, kandokando ya barabara kuu iendayo Namanga, mlima wenyewe hutuzibia mvua hiyo. Ikitufikia huja kwa fujo, ikaukuta udongo mwepesi wa majivu ya volkano usio na kitu cha kuushikilia, ikauteremsha makorongoni pamoja na mbegu zilizokwisha kupandwa.

Mwaka 1989 serikali, kwa fedha za msaada kutoka Sweden, ilianzisha katika Wilaya ya Arumeru mradi wa hifadhi ya udongo na kilimo mseto, ambao watu wengi waliujua kwa kifupi chake, SCAPA. Ulipokuja kugusa kitongoji chetu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, haukupokewa kwa vigelegele. Wazee walikumbuka kwamba enzi ya mkoloni hifadhi ya udongo ilikuja na amri na faini, na kwamba kule Uluguru mwaka 1955 watu walifikia kuasi kwa sababu ya kulazimishwa kuchimba matuta. Hata baada ya uhuru walikuwa na la kuogopa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973, uliishia, mwaka 1979, kuondoa mifugo yote katika eneo la Kondoa lililomomonyoka vibaya, na habari hiyo ilikuwa imetufikia kupitia minada ya ng'ombe. Kwa jamii iliyofuga kabla ya kulima, hofu hiyo ilikuwa ya haki kabisa, na sipendi inapoelezwa kuwa ni ujinga wa wanavijiji.

Ndiyo maana siku bwana shamba alipofika kupima shamba letu, baba alikuwa amewaita wazee wenzake wakae chini ya mgunga wasikilize. Kijana yule aliegesha pikipiki mbali kidogo, akaja kwa miguu na kuwaamkia mmoja mmoja.

"Marahaba," baba alimjibu. "Kabla hujapima, niambie. Mkishachimba hayo matuta yenu, ng'ombe wangu watakwenda wapi?"

"Hawaendi popote, mzee wangu. Juu ya tuta tutapanda matete, na hayo ndiyo mtakayowakatia. Nikiwadanganya, niiteni mbele ya wazee hawahawa."

"Na anayechimba analipwa shilingi ngapi kwa siku?"

"Halipwi, mzee. Tutawaletea sururu, makoleo na miche ya miti, na mimi nitakuwa nanyi kupima. Kuchimba ni kwenu, maana shamba ni lenu."

Wazee walinung'unika, lakini mimi naamini jibu lile lilikuwa sahihi kwa kaya kama yetu, iliyokuwa na vijana wenye nguvu na chakula ghalani. Kwa kaya isiyo na kitu ni habari nyingine. Miaka mingi baadaye TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ilipoanza kuwalipa walengwa wake shilingi 2,300 kwa siku, kwa siku 60 za kazi katika mwaka, wachimbe malambo na makinga maji wakati wa njaa, niliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu mama mwenye watoto wasiokula tangu jana hawezi kuambiwa achimbe kwa faida ya mavuno ya miaka mitatu ijayo.

Kilichowageuza wazee siku ile kilikuwa kifaa chenyewe. Bwana shamba alifunga miti mitatu kwa kamba ikawa kama herufi A, akaning'iniza uzi wenye jiwe kutoka kileleni. Alisimamisha miguu ya fremu hiyo juu ya vigingi viwili, akatia alama ya mkaa pale uzi ulipokatiza mti wa katikati, kisha akaigeuza fremu, mguu wa kulia ukae palipokuwa pa kushoto, akatia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili, alisema, ndipo usawa ulipo. Baba alisimama na kurudia zoezi lote kwa mkono wake mwenyewe, na uzi ulipotulia pale pale alimtazama yule kijana kwa heshima ambayo hakuwa nayo asubuhi.

Tukaanza kupiga vigingi. Mstari huo, yaani kontua, ulipinda na kuzunguka kichuguu ukifuata usawa wa ardhi, mpaka ukafika kwenye katani zilizotutenga na jirani yetu, mama mjane, na hapo haukusimama. Bwana shamba alieleza kwamba maji hayatambui mpaka: tukichimba sisi peke yetu, maji yatazunguka mwisho wa tuta letu na kufungua korongo jipya kwa jirani. Mtaro wa sentimeta 60 kwenda chini, udongo wake ukitupwa upande wa juu, ulipaswa kuvuka mashamba yote mawili.

Yule mama aliitwa. Alisikiliza, akasema jambo ambalo hakuna mwanamume pale aliyekuwa amelifikiria, kwamba yeye hana kijana wa kushika sururu, na kwamba vifaa vya serikali vikija vitaishia kwenye nyumba zenye wanaume. Baba alishauriana na wazee kwa muda mrefu. Walikubaliana kuwa sururu na makoleo yakabidhiwe kikundi cha mteremko mzima, si kaya moja moja, na kwamba vijana wa nyumba zote, nikiwemo mimi, wangeanzia kuchimba kwa yule mama. Bwana shamba aliandika makubaliano hayo katika daftari lake, akawasomea kwa sauti, na wiki iliyofuata tukaanza kuchimba kwake.