Mifupa Myepesi Katikati ya Mashamba ya Ngano

Tangu nivunjike kifundo cha mkono, kila anayeingia dukani ana dawa ya mifupa. Mzee aliyekuja kununua dawa ya kupe alinishauri supu ya miguu ya ng'ombe. Mama wa kuku akasema maziwa, asubuhi na jioni. Mwingine aliniletea maganda ya mayai yaliyosagwa, yamefungwa kwenye gazeti, nichanganye na uji. Nawashukuru wote. Ila hakuna hata mmoja aliyeuliza kama vitu hivyo, vikishamezwa, vinaingia mwilini au vinapita tu.

Nina agroveti, duka la dawa za mifugo, hapa Njoro, na wateja wananiita daktari hata nikikataa. Nina miaka 41. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, nikateleza kwenye matope mbele ya duka, nikaegemea mkono, ukalia kwa! Sikuanguka kutoka kwenye ngazi wala pikipiki, ni kwa kimo changu mwenyewe. Daktari wa mifupa huko mjini Nakuru alitazama picha, akanyamaza kidogo, akauliza nakula nini. Nikamwambia nakula vizuri sana. Akauliza tena, "Na choo kikoje?"

Choo! Mkono umevunjika, yeye anauliza choo. Lakini nilikuwa na mengi ya kumweleza. Kwa miaka tumbo langu limekuwa la kuvimba na kunguruma, kuhara kunakuja na kuondoka, uzito unashuka. Nimetibiwa amiba, nimetibiwa taifodi, nimetibiwa vidonda vya tumbo. Damu ilikuwa chini pia, nikapewa vidonge vya madini ya chuma, nikavimeza kwa uaminifu na damu ikakataa kupanda. Hilo la damu ndilo lililomfanya aweke kalamu chini. Alinituma nikapimwe kingamwili za ugonjwa wa siliaki, kisha nikaingizwa kamera kupitia mdomoni mpaka mwanzo wa utumbo mwembamba, vikatolewa vipande vidogo vya nyama vikaangaliwe kwa hadubini.

Siliaki ni hivi: mwili wa mtu mwenye ugonjwa huu ukikutana na gluteni, ile protini ya ngano, shayiri na rai, kinga yake inageuka na kuushambulia utumbo wenyewe. Ukuta wa utumbo mwembamba una vinyweleo vidogo mno vya kufyonza chakula. Vyangu vilikuwa vimelala bapa. Sehemu ile ya mwanzo ndipo madini ya chuma yanapofyonzwa, na ndipo kalsiamu inapochukuliwa kwa nguvu zaidi. Vitamini D nayo husafiri na mafuta, na mafuta nilikuwa siyafyonzi vizuri. Kwa hiyo nilikuwa nakula kama watu wengine na kufaidi nusu nusu.

Sasa fikiria mtu wa Njoro kuambiwa asiguse ngano. Ngano ndiyo Njoro. Kombaini zikiingia mashambani vumbi lake linafika mpaka kwenye kaunta yangu. Hapa ndipo wanasayansi wanapopanda mbegu za ngano kutoka nchi nyingi kuona zipi zitahimili ugonjwa wa kutu ya shina, ile aina ya Ug99 iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Ukipanda juu Mau Narok unakutana na shayiri. Yaani Mungu ana utani wake.

Nilipoona majibu ya damu nilibishana na daktari. Kalsiamu yangu ya damu ilikuwa ya kawaida kabisa, sasa mifupa inakosa nini? Alinijibu kwa swali ambalo mtu wa agroveti hawezi kulikosa: ng'ombe mwenye homa ya maziwa anakuwaje?

Hilo nalijua. Ng'ombe mzuri wa maziwa, amezaa jana au juzi, asubuhi unamkuta amelala, shingo ameikunja kuelekea ubavuni, masikio baridi. Jina ni homa lakini mwili umepoa. Mwenyewe anakuja mbio dukani, daktari wa mifugo anaitwa, chupa ya kalsiamu inaingia mshipani polepole, na mara nyingi ng'ombe anaamka huku watu wanatazama. Ng'ombe huyo hakukosa kalsiamu, mifupa yake imejaa. Ila maziwa yamevuta kalsiamu ya damu ghafla na mifupa imechelewa kuitoa. "Wewe," daktari akasema, "ni kinyume chake. Mifupa yako imekuwa ikitoa kila siku, ndiyo maana damu iko sawa."

Kuna tezi nne ndogo shingoni ambazo kazi yake ni kulinda kalsiamu ya damu, kwa sababu moyo na misuli haviwezi kufanya kazi bila hiyo. Ikianza kupungua, tezi hutoa homoni, na homoni hiyo huchota kwenye mifupa, ambako asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imewekwa. Kama utumbo haurudishi kilichochotwa, mfupa unabaki unatoa tu. Hauumi. Hauna dalili. Unajua siku umevunjika.

Kipimo cha DEXA, kile cha kupima wingi wa madini kwenye mifupa, nilikwenda kukifanyia Nairobi. Nilijiandaa kwa jambo kubwa na lilikuwa dogo: unalala chali kwenye meza, mkono wa mashine unapita juu ya kiuno na nyonga, dakika chache umemaliza. Miale yake ni kidogo kuliko ya eksirei ya kifua. Kwa mwanamume wa chini ya miaka 50 wanakulinganisha na watu wa umri wako, na ukiwa chini ya alama -2.0 maana yake mifupa yako ni myepesi kuliko inavyotarajiwa. Uti wangu wa mgongo ulisoma -2.4. Mhudumu aliniuliza kama nimekuja kumchukulia mama majibu. Nikasema hapana, ni yangu.

Nilidhani nitaandikiwa dawa kali ya mifupa. Daktari alisema kwanza ngano itoke na utumbo upone, la sivyo tutakuwa tunamimina kalsiamu kwenye choo. Niliandikiwa kalsiamu na vitamini D, na hapo nikajifunza kwamba hata kumeza kidonge kuna utaratibu. Kalsiamu kaboneti inahitaji asidi ya tumbo, kwa hiyo inamezwa na chakula, na mimi niliyekuwa nikitafuna dawa za kupunguza asidi miaka yote hiyo nilikuwa najiwekea kizuizi kingine. Mwili haufyonzi vizuri zaidi ya miligramu 500 kwa mara moja, unagawanya. Vidonge vya chuma vinakaa mbali na kalsiamu, na mbali na chai pia. Mke wangu, Mama Shiro, ndiye aliyepanga ratiba na kuibandika kwenye mlango wa kabati, kwa sababu kwangu kila kitu huja na chai.

Maziwa nayo yana kisa. Kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa kinakaa kwenye ncha za vile vinyweleo, na vikilala, maziwa yanakuwa gesi na kuhara. Kwa hiyo ushauri wa mama wa kuku, mzuri kabisa kwa mtu mwingine, ulikuwa ukinimaliza. Mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, ilinikubali mapema, kwa kuwa kugandishwa kunapunguza ile sukari. Maziwa ya kuchemsha tu, yasiyogandishwa, nimeyarudia polepole, utumbo ulipoanza kupona. Supu ya mifupa naipenda, lakini kalsiamu yake ni kidogo mno, ile imebaki kwenye mfupa unaotupiwa mbwa. Omena wanaotoka ziwani na kuuzwa soko la Njoro kwa kikombe ndio wenye kazi, maana unamla mzima na mifupa yake. Sukuma wiki inatoa kalsiamu kwa urahisi. Spinachi inayo nyingi ila imeifunga kwa kemikali iitwayo oksaleti, haikuachii.

Ugali si tatizo, wala wimbi, mtama, viazi, muhogo. Tatizo ni kinu cha posho. Hapa watu wanasaga ngano yao ya nyumbani kwenye kinu kilekile cha mahindi, na ukifuata nyuma yao unga wako umeshachanganyika. Soseji nyingi zina ngano. Bia ni shayiri. Kanisani mikate ya komunyo ni ya ngano, kwa hiyo padri ananipa divai peke yake, na kuna wazee wawili watatu ambao wameshaanza kusema maneno.

Kingamwili zimeshuka, damu imepanda, na suruali zinakaa kiunoni. DEXA tutairudia baada ya miaka miwili, mfupa hauna haraka.

Kinachonikosesha usingizi sasa ni dada yangu wa Elburgon. Ugonjwa huu hutembea kwenye damu ya familia, ndugu wa mgonjwa wanashauriwa wapimwe hata kama hawaumwi, na yeye anameza vidonge vya chuma tangu ajifungue mtoto wa pili. Nilipomweleza aliogopa, akasema ataacha ngano leo leo. Nikamwambia asithubutu. Ukiacha ngano kwanza, kingamwili zinashuka na kipimo kinaweza kusema huna kitu. Apime huku bado anakula, kisha ndiyo aache. Basi sasa ameligeuza hilo kuwa ruhusa. Juzi nimempigia, akaniambia atapima baada ya Krismasi, na kwamba kwa sasa yuko jikoni anafuata maagizo ya daktari. Nilisikia chapati ikigeuzwa.