Maua yanalia au nalia mimi?

Leo asubuhi natoka chumbani nikakuta karatasi nyekundu za mlangoni kwa bibi jirani zimeanza kubanduka pembeni, unyevu wa huku Chengdu, China, hauna huruma, na ndo nikasimama kuzisoma vizuri kwa mara ya kwanza tangu azibandike mwaka mpya wao. Aibu kidogo, maana napita pale kila siku.

Ziko mbili, herufi saba saba, moja kila upande wa mlango. Unaanza na ya kulia, kumbe, mi siku zote nilikuwa naanza kushoto. Ya kulia inasema mbingu inaongeza miaka, mtu anaongeza umri. Ya kushoto, machipuko yamejaa ulimwenguni, baraka zimejaa mlangoni. (Kamusi inasema "majira ya kuchipua", ni refu mno, mi nasema machipuko.) Sasa angalia walivyopanga: kule "ongeza" mara mbili, huku "jaa" mara mbili, tena sehemu zilezile, mbingu inatazamana na machipuko, mtu na baraka, umri na mlango, na hata toni, yaani sauti inavyopanda au kushuka, ya herufi ya mwisho ya mstari mmoja haitakiwi iwe kundi moja na ya mwenzake. Sisi tuliokaririshwa ukwapi na utao, vile vipande viwili vya mshororo, tunaielewa haraka hiyo hesabu, ila sisi vina vinakaa kwenye silabi, hawa wanalinganisha neno zima, jina kwa jina, kitenzi kwa kitenzi.

Darasani sikwenda tena. Nikarudi kitandani na mashairi ya Du Fu, mshairi wao wa zamani.

Huyu mzee aliishi hapahapa Chengdu, kwenye kibanda cha nyasi, na mwaka 761 akaandika ile ya mvua ya usiku, kwamba mvua njema inajua wakati wake, inaingia na upepo usiku kwa kunyata, inalowesha vitu bila kelele. Nilivyoisoma nikiwa Dar niliona anatia chumvi, mvua gani hiyo isiyo na kelele, masika ikipiga bati hamsikilizani ndani. Nimefika huku nimeamka siku kadhaa lami imelowa na sijasikia kitu.

Lakini inayonisumbua ni ile ya 757. Waasi wa jenerali An Lushan wameshika Chang'an, mji mkuu wa wakati huo, Du Fu kakwama ndani ya mji, familia yake iko mbali, vita haviishi na barua moja ya nyumbani anasema ina thamani ya dhahabu elfu kumi. Na machipuko yamekuja vilevile, hayajali, majani yameota mpaka mji umekuwa pori. Kuna mistari miwili pale katikati, herufi tano tano, maua yamekaa mkabala na ndege, machozi mkabala na moyo. Ya kwanza ukiichukua herufi kwa herufi ni kama: kuhisi, nyakati, ua, kurusha, machozi. Basi. Nani anayelia? Wengine wanasema ni Du Fu akiyaona maua, wengine wanasema ni maua yenyewe, na Kichina kimeacha hivyohivyo, wazi, miaka zaidi ya elfu moja na mia mbili.

Mi nimejaribu kuiweka kwa Kiswahili tangu saa tatu. Haikubali. Kitenzi chetu lazima kivae kitu mbele, ni na- au ya-, "natoa machozi" au "yanatoa machozi", ukishafungua mdomo umeshachagua. Nikasema niandike "kutoa machozi" tu, ikawa kama maelezo ya dawa ya macho. Nikajaribu "machozi juu ya maua", hapo nimemfukuza mtu kabisa, na bado mstari wa pili wa ndege unanisubiri na wenyewe unataka ulingane. Nimeishia kuandika zote mbili kwenye daftari, moja juu ya nyingine, sijakata hata moja.

Jioni mama kapiga, nikamuuliza, mama, mtu yuko vitani, kakaa mbele ya maua, machozi yakiwa kwenye maua utasema nani kalia?

Akanyamaza kidogo.

"Maua hayalii mwanangu. Umekula lakini?"

Afu akaanza kunieleza kuhusu mvua zilivyochelewa mwaka huu.