Cherehani ya Matope

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2024 niliamshwa na sufuria. Ilikuwa ikielea gizani, ikigonga mguu wa kitanda. Niliposhuka, maji yakanifika magotini, na kabla sijamfunga mtoto mgongoni Mto Mathare, wa hapa Nairobi, ulishanifika kiunoni.

Tulitoka salama. Wako majirani waliozika, kwa hiyo habari ya vitu vyangu naieleza kwa adabu.

Alfajiri ilitukuta darasani, tumelundikana. Nikataka kuswali. Maji yametufukuza nyumbani, na ya kutawadha hakuna: yale ya nje yalikuwa na choo ndani yake. Nitayamamu basi, lakini vumbi kavu ningelitoa wapi siku ile? Bibi mmoja nisiyemjua akanionyesha ukuta wa ndani, mvua haijaugusa. "Piga hapo, mwanangu." Nikapiga viganja, nikapangusa uso na mikono. Nilikuwa na hasira hata Fatiha niliikosea, nikaanza upya.

Mimi ni fundi wa nguo. Nguo za Idi zilishachukuliwa wiki mbili nyuma, alhamdulillahi, ila nilibaki na vitambaa vya sare za watoto 11. Wazazi wameshalipa nusu, shule zinafunguliwa tarehe 29, na cherehani imezama.

Maji yaliposhuka nikaitoa. Ndani kwenye bobini matope yalikuwa laini kama uji wa wimbi. Nikachukua mswaki mkuukuu na mafuta taa, nikasugua jino moja moja, nikapangusa, nikatia mafuta ya cherehani. Nikijaribu gurudumu, limegoma. Siku tatu hivyo, ulimi wangu ukirudia hasbiyallahu wa ni'mal wakil. Awali nilikuwa naomba mvua ikome, nyumba irudi, wakubwa watuhurumie. Siku ya pili nikajikuta naomba gurudumu lizunguke tu. Dua hiyo angalau mikono yangu iliweza kuiitikia amina.

Gurudumu likazunguka. Nyumba haikurudi. Tuliokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni tuliamriwa kuhama, na Mei tingatinga likaja. Nilisimama mbali nikatazama mabati yangu yakikunjwa, kisha nikaenda kwa shangazi, Majengo, kuendelea na kazi.

Shule nazo zikaahirishwa: kutoka tarehe 29 hadi 6 Mei, halafu zikafunguliwa tarehe 13. Watu walilalamika sana. Sithubutu kusema Mwenyezi Mungu alizuia shule za nchi nzima ili mimi nimalize sketi, lakini siku 14 zile sikupoteza hata moja.

Vitambaa nilivifua mara tatu. Vya watoto wawili vilikataa kutakata, nikawapigia wazazi simu na kuwaambia ukweli. Mmoja alinifokea, na haki alikuwa nayo. Mwingine alinyamaza kidogo, kisha M-Pesa ikaingia, shilingi 500. "Ongezea uzi, mama."

Usiku wa tarehe 12 stima ilipotea. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, haijali, nikawasha mshumaa. Shangazi akageuka kitandani.

"Hicho chombo chako kinalia kama mgonjwa."

"Kilie tu, shangazi. Imebaki pindo moja."