Kiharusi kilinikuta nikishona kofia

Sindano ndiyo iliyonipa habari. Nilikuwa nimekaa uani, saa mbili za asubuhi, nashona kofia ya viua, vile vitundu vinavyozungushiwa uzi, niliyoagizwa na kijana wa Matondoni aliyekuwa karibu kuoa. Sindano ikaanguka. Nikaiokota, ikaanguka tena. Mara ya tatu mkono wa kulia haukuifuata hata kidogo, ulilala pajani kama si wangu. Nikataka kumwita binti yangu aliyekuwa jikoni, na kilichotoka kinywani hakikuwa jina lake wala la mtu yeyote.

Akatoka mbio. "Mama, una nini? Mbona mdomo umekwenda upande?" Kisha akapaza sauti: "Bibi, ndoo! Ndoo umwone mama!"

Hapa kwetu Lamu mtu akipinda mdomo ghafla, neno la kwanza huwa amepigwa na upepo. Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, kwa mapenzi yake yote, alidhani hivyo. Wakanilaza, wakanikanda kwa mafuta ya habasoda, mwalimu akaitwa aandike kombe, aya za Kurani za wino wa zafarani zinazooshwa kwa maji na marashi, mgonjwa akanywa. Simlaumu mtu, kila mmoja alifanya alilolijua. Lakini saa mbili nzima zilipita namna hiyo, na hizo ndizo ninazotaka kila anayesoma hapa azifikirie.

Aliyeniokoa ni wifi yangu, muuguzi. Alikuwa amekuja kuleta samaki tu. Akasimama mlangoni, akanitazama, akaweka kikapu chini. "Wifi, nichekee." Nikacheka upande mmoja. "Inua mikono yote miwili." Ukapanda wa kushoto peke yake. "Sema, leo ni Jumanne." Sikuweza. Akageuka: "Hiki ni kiharusi. Tafuteni vijana wa kumbeba sasa hivi."

Mavyaa wangu akaomba ninywe kombe kwanza. Wifi akamshika mkono kwa adabu. "Mama, mpake usoni, mpake mkononi, ila usimnyweshe. Koo lake huenda limelegea, maji yataingia mapafuni." Basi nikatoka nyumbani nikinukia zafarani na marashi, nimebebwa kitini na vijana wanne kwenye vichochoro vya Mkomani ambavyo punda wawili wakikutana mmoja hana budi kurudi nyuma. Kufika ufuoni wakanilaza kwenye mkokoteni hadi hospitalini.

Presha yangu ilikuwa 210 juu ya 120. Wakanipima sukari, kwa sababu sukari ikishuka sana nayo huweza kumfanya mtu aonekane amepooza. Kisha daktari akaeleza kwamba kiharusi ni cha namna mbili: ama mshipa wa damu wa ubongo umezibwa na donge, ama umepasuka na damu inavuja. Kwa macho huwezi kutofautisha, na dawa inayomfaa wa kwanza inaweza kumuua wa pili. Lazima ipigwe picha ya kichwa kwa mashine ya CT. Mimi yangu ilikuwa Mombasa. Boti hadi Mokowe, ambulansi kupitia Witu, Garsen na Malindi, zaidi ya kilomita 300. Tulifika baada ya magharibi.

Picha ilionyesha donge, upande wa kushoto wa ubongo, ambao ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye maneno. Ipo dawa ya kuyeyusha donge, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili ya kwanza. Zangu zilikuwa zimepita zamani. Hata bila zile saa mbili za nyumbani nisingewahi, kwa umbali ule. Ila mwingine atawahi, akiwa karibu zaidi, au safari ikiwa nyepesi zaidi. Nikapewa aspirini, dawa za presha na za mafuta ya damu, nikalala huko siku tisa.

Sababu naijua, na niliijua hata nikiwa pale kitandani. Nilikuwa na presha tangu uzazi wa mwisho, na nilikuwa nimeacha vidonge miezi sita. Sikuwa na maumivu yoyote, na jirani alikuwa ameniambia vidonge huharibu figo. Daktari alinieleza pole pole kwamba presha iliyoachwa ndiyo inayoharibu figo. Na kutosikia maumivu si dalili ya kupona, presha haina kelele.

Jambo lililonitisha kuliko mkono ni maneno. Nilijua ninachotaka, nakiona mbele yangu, glasi ya maji, lakini neno "maji" halikuja. Nilisema "mlango". Nikasema "Ijumaa". Halafu usiku wa tatu nikasikia adhana ya alfajiri, na Alhamdu, sura ya kwanza ya Kurani, ikatoka kinywani mwangu yote, toka mwanzo hadi mwisho, bila kukwama. Nililia mpaka mto ukalowa. Baadaye nilielezwa kwamba maneno tuliyoyahifadhi tangu utotoni, sura, nyimbo, kuhesabu, mara nyingi hubaki hata pale mazungumzo ya kawaida yanapokatika. Kwangu ilikuwa kama kukuta mlango mmoja wa nyumba haujafungwa. Binti yangu akaingilia hapo: tukahesabu pamoja moja hadi kumi, tukaimba nyimbo za kubembelezea watoto, kisha ananikatizia katikati nimalizie mwenyewe.

Nyumbani wageni walikuja kwa wema, chumba kikajaa. Wengine waliongea habari zangu kana kwamba sipo. "Maskini, hata hatujui anasikia." Nilisikia kila neno. Ukimzuru mtu aliyepatwa na kiharusi, zungumza naye yeye, uliza swali moja fupi, kisha ngoja. Ngoja hata ukiona imekuwa ndefu. Jibu liko njiani.

Mguu ulirudi mapema, kwa wiki sita nilitembea na bakora. Mkono ulikuwa kazi. Fizio wetu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alinikataza kuusaidia kwa wa kushoto kila mara, kwa sababu ubongo hujifunza njia mpya pale tu unapolazimishwa kuitafuta, tena kwa kurudia mara nyingi mno. Nikapewa bakuli la choroko: toa moja, weka bakuli la pili. Siku ya kwanza nilihamisha saba na jasho likanitoka. Nikakanda unga wa chapati kwa vidole vitano vilivyokuwa vizito kama vya mtu mwingine. Papa mkavu nikamuaga, kwa ajili ya chumvi, na hilo bado linaniuma. Kulikuwa na wiki nilizogeukia ukuta nisitake kuamka. Mavyaa wangu alikuwa akikaa chini, kando ya kitanda, na bakuli lile, anahesabu choroko yeye, kwa sauti, mpaka nione haya na kuuchukua mkono wangu.

Mwezi wa tano nikaomba ile kofia. Ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa, sindano ikiwa bado imechomekwa. Kiua kimoja ni tundu dogo kuliko punje ya mtama: unalitoboa, unalizungushia uzi ukikaza kila mshono ukubwa uleule. Kiua changu cha kwanza kilichukua asubuhi nzima na kikatoka kama jicho lenye uvimbe. Siku iliyofuata nikashona viwili.

Yule kijana alikuwa ameshaoa na kofia nyingine. Hata hivyo alikuja kuitazama, akaona pale mishono mizuri inapoishia na ile iliyopinda inapoanzia. Akaniambia, "Iache hivyo, mama. Mimi nitaivaa vivyo hivyo."

Nilimshukuru. Alipoondoka nikachukua wembe nikaifumua ile safu yote, nikaishona upya kwa mkono wa kulia. Nilimpelekea siku mbili kabla ya Idi.