Hemiola, neno lililotuokoa kwenye kwaya

Mara ya kwanza kulisikia hili neno ilikua mazoezini, tunaimba wimbo wa zamani wa mapigo matatu matatu, tunaenda vizuri kabisa ila tukikaribia mwisho kila siku tunapotea palepale, besi wanawahi, alto wanachelewa, mpaka mwalimu akasimamisha akasema hapo pana hemiola jamani, acheni kuhesabu tatu, hesabuni mbili mbili. Tukajaribu. Ikakaa!

Asili yake ni Kigiriki, maana yake moja na nusu, yaani uwiano wa 3 kwa 2. Zamani walilitumia kwanza kwenye sauti zenyewe, ukichukua nyuzi mbili za aina moja zilizokazwa sawa, mmoja ukawa mrefu mara moja na nusu ya mwenzake, unapata ule umbali wa do na so. Baadae ndo likahamia kwenye mapigo.

Hebu piga makofi sita yaliyo sawa. Kwanza kaza la 1 na la 4: MOJA mbili tatu NNE tano sita. Sasa usibadili kasi, kaza la 1, 3 na 5: MOJA mbili TATU nne TANO sita. Huko kuhama ndo hemiola, makofi ni yaleyale, kasi ileile, lakini mwili unasikia kitu kingine kabisa, na mimi hapo ndo huwa nasisimka kila nikiimba. Watunzi kama Handel walipenda kuiweka karibu na mwisho, vipimo viwili vidogo, yaani mafungu mawili ya mapigo matatu matatu, vinageuka kimoja kikubwa, unahisi wimbo unatanuka kabla haujatua na hakuna aliyepunguza mwendo. Brahms nae kaijaza kwenye Simfonia yake ya 3 ya mwaka 1883, na kwenye West Side Story, mchezo wa jukwaani wa nyimbo wa 1957, ule wimbo wa America unarudia hesabu hizo mbili kwa zamu, ukiusikia mara moja tu utaelewa.

Kinachoniuma ni watu kuita hemiola kila mdundo mgumu. Mmoja akipiga 3 na mwingine 2 kwa wakati mmoja, wengi wanaita hemiola na mimi nakubali, uwiano ni uleule. Ila 4 juu ya 3, hapana, hiyo sio.

Siku hizi nikipewa noti mpya za mapigo matatu naanza kukagua vipimo vya mwishoni kabla sijafungua mdomo, nikiiona nachora kwa penseli vijiupinde vitatu juu ya yale mapigo sita.