Siku moja maishani mwangu: mkalimani wa Kiswahili katika hospitali ya watoto

Saa 11:30 alfajiri. Natoka nyumbani kungali giza, theluji imegandia kioo cha gari. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili katika hospitali ya watoto hapa Ohio, Marekani. Nimezaliwa Kigoma, na wengi ninaowakalimania ni Wakongo wa Fizi na Uvira waliokaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa huku. Majina yao siyaandiki, kiapo changu hakiruhusu.

Saa 1:30. Chanjo, kikohozi, fomu za bima.

Saa 3:00. Kikao hiki nimekiwaza tangu jana. Mtoto wa miaka 9 ana uvimbe wa ubongo unaokua polepole, karibu na mishipa ya macho. Wapasuaji walitoa kipande tu, wakihofia kumpofusha. Kipande hicho kilipelekwa maabara na majibu yametoka: jeni ya BRAF ina hitilafu iitwayo V600E.

Daktari anaeleza taratibu. Jeni hiyo huiamuru seli ikue lini na ikome lini. Herufi moja tu imebadilika, basi seli inasikia "kua, kua" mchana na usiku. Dawa mbili, dabrafenibu na trametinibu, huikatiza amri hiyo katika hatua mbili za safari yake.

Nami jeni nikaiita "chembe za urithi", kama nilivyofundishwa shuleni. Mama akainama, akaufumbata upindo wa kitenge chake kwa mikono miwili.

"Kumbe ni mimi njo nilimupa mutoto hii ugonjwa?"

Neno langu ndilo lililomhukumu. Nikamwomba daktari asubiri, nikamweleza kilichotokea. Akavuta kiti karibu na mama: hitilafu hii imo ndani ya seli za uvimbe peke yake, haikutoka kwake wala kwa baba. Nikalisema hilo mara mbili, bila "urithi". Polepole mama akakiachia kitenge. Kuanzia leo nasema "jeni", na kama haitoshi, "herufi".

Akauliza kwa nini si kemo, zile dawa kali za kuua seli za saratani, kama mtoto wa jirani. Daktari akataja utafiti wa watoto 110 wenye uvimbe wa aina hii: kati ya kila 100 waliopewa dawa hizi mbili, 47 uvimbe wao ulisinyaa, waliopewa kemo, ni 11 kati ya 100. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliziidhinisha kwa watoto kama huyu Machi 2023. "Ni tumaini, si ahadi," akasema, na hilo pia nililikalimani lilivyo.

Saa 5:00. Zamu ya mfamasia. Dabrafenibu ni vidonge vya kuyeyusha katika maji kidogo, mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12. Trametinibu ni ya maji, mara moja. Zote tumbo likiwa tupu: saa moja kabla ya kula, au saa mbili baada ya kula. Homa ikipanda, apige simu hata usiku wa manane.

Lebo inasema 7 asubuhi na 7 jioni. Nikashtuka. Kwetu 7 ni saa saba! Nikaomba ruhusa niliseme hilo, na mfamasia akampa mama kalamu ya wino mnene. Akachora jua, akachora mwezi, chini ya kila kimoja nikamwandikia "saa moja". Mtoto akasema ule si mwezi, ni ndizi, akauongezea nyota.

Saa 8:00 mchana. Kwa video, familia nyingine. Majibu ya jeni ya binti yao hayakuonyesha hitilafu yoyote yenye dawa yake. Baba alinyamaza muda mrefu, nami nikanyamaza naye.

Saa 11:00 jioni. Kabla ya kuondoka nawaandikia wenzangu ujumbe kuhusu "chembe za urithi".

Saa 1:00 usiku. Nasonga ugali, macho yako kwenye saa ya ukutani. Sasa hivi wanayeyusha kidonge cha mwezi.